Weusi Huondoka, Uzito Haurudi

Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima
(Somo hili limepigwa chapa ili wanafunzi walisome tena darasani baada ya kulisikiliza.)

MTANGAZAJI: Mlio darasani, sogeeni karibu na redio. Mlio majumbani, wekeni kalamu na daftari tayari, maana leo kuna hesabu. Somo letu ni juu ya mapambo ya fedha: jinsi ya kuyatunza, na jinsi ya kujua thamani yake mbele ya mnunuzi. Mwalimu yupo hapa, na leo hakuja peke yake. Karibu, Mwalimu.

MWALIMU: Ahsante sana. Nawasalimu nyote. Leo nimefuatana na mama mmoja wa pwani, mwanafunzi wa kisomo kama ninyi. Mwaka jana hakujua kusoma tarakimu hata moja. Leo azisoma. Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Nami nawasalimu wenzangu wote.

MWALIMU: Mama, wasikilizaji hawaoni mikono yako. Tafadhali waambie umeshika nini.

MAMA: Nimeshika kikuku cha fedha, cha mguu. Vilikuwa viwili. Bibi yangu alivirithi kwa mama yake, nami nikavirithi kwa bibi. Kimoja nilikwisha kukiuza zamani kidogo. Mtu niliyemwuzia alikigeuza mkononi, akasema, "Mama, hiki kimeoza. Huoni kilivyo cheusi?" Hakukipima mbele yangu. Akanipa fedha kidogo, nikaenda zangu. Niliporudi nyumbani niliona hofu, nisije nikapoteza na hiki cha pili. Basi tangu siku ile nakisugua kwa mchanga na jivu kila Ijumaa. Sasa paa la nyumba yangu lavuja. Nataka kujua, nikiuze au nisikiuze? Na kama ni kuuza, nisidanganywe mara ya pili.

MWALIMU: Pole sana, mama. Wanafunzi, katika habari hii yako mambo matatu. La kwanza, mnunuzi alisema kikuku kimeoza. La pili, hakukipima. La tatu, mama amekisugua kwa mchanga. Tutayachukua moja moja.

Neno moja, maana mbili

MWALIMU: Katika Kiswahili neno "fedha" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni madini meupe yenye kung'aa. Maana ya pili ni mali ya kununulia vitu. Maana hizi zimekaa pamoja kwa sababu zamani sarafu zenyewe zilikuwa za madini haya.

Katika pwani yetu, na Arabuni, na Uhabeshi, ilitumika sana sarafu kubwa iitwayo riale. Juu yake ilichorwa sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alifariki mwaka 1780, lakini riale zake ziliendelea kupigwa miaka mingi baadaye, na zote ziliandikwa mwaka ule ule wa 1780. Tena ilikuwapo rupia ya fedha ya Uhindi, iliyotumika huku kabla ya shilingi.

Mafundi walizichukua sarafu hizi, wakaziyeyusha, wakafua vikuku, bangili, pete na mikufu. Katika mji wa Nizwa huko Omani, mafundi walifua fedha kwa mapambo ya mabibi harusi na kwa ala za majambia. Huku kwetu fundi wa dhahabu na fedha huitwa sonara, neno lililotoka kwa Wahindi. Kwa hiyo mwanamke aliyevaa kikuku cha fedha hakuvaa pambo tu. Alivaa akiba yake mwilini. Ikija shida, aliivua akaiuza kwa uzito.

MAMA: Ndivyo alivyosema bibi yangu. Alisema vikuku hivi vilifuliwa kwa riale tatu kila kimoja.

MWALIMU: Shika neno hilo, mama. Riale tatu. Tutalihitaji mbele.

Je, fedha huoza?

MWALIMU: Fedha haiozi. Wala haili kutu kama chuma. Chuma kikilika na kutu, huwa unga kikaisha. Weusi wa fedha ni kitu kingine. Katika hewa mna hewa nyingine kidogo yenye salfa, ile ambayo wazee huiita kiberiti upele. Ndiyo yenye harufu ya yai bovu. Hutoka katika vitu vinavyooza, hata katika mwani unaooza ufukoni. Salfa imo pia katika vitunguu, mayai, sufu na mipira. Salfa ikikutana na fedha, hushikamana nayo, ikafanya ngozi nyeusi juu yake. Ngozi hiyo ni nyembamba sana, nyembamba kuliko karatasi. Chini yake fedha ni nzima.

Kwa hiyo mtu akikuambia fedha yako imeoza kwa sababu ni nyeusi, ama hajui, ama anajua sana. Weusi haupunguzi thamani ya madini yaliyo chini.

MAMA: Basi mimi nilidanganywa.

MWALIMU: Bei ya haki ilikuwa ngapi siku ile, sasa hatuwezi kusema, kwa sababu kikuku hakikupimwa. Lakini sababu uliyopewa haikuwa ya kweli.

Sasa tuje kwenye mchanga. Mchanga ni mawe madogo, na jivu nalo huwa na chembe ngumu. Fedha ni laini. Ukiisugua kwa mchanga, huondoi weusi tu, bali wakwangua na fedha yenyewe. Chembe zake huenda na maji. Leo hazionekani, kesho hazionekani, lakini baada ya miaka nakshi hufutika na uzito hupungua. Dawa ya meno vilevile, ingawa wengi huipenda, huikwaruza fedha. Andikeni sentensi hii katika daftari: Weusi huondoka, uzito haurudi.

Jinsi ya kusafisha

MWALIMU: Iko njia ya kila siku, na iko njia ya weusi mwingi.

Njia ya kila siku ni hii. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo. Osha pambo kwa kitambaa cha pamba au mswaki laini sana. Suuza vizuri. Kisha likaushe kabisa, hata ndani ya nakshi, kwa maana unyevu huharakisha weusi.

Njia ya pili ni kwa pambo lililokuwa jeusi sana. Vitu vyake vimo jikoni mwenu.

1. Tafuta sufuria kuukuu ya alumini, ambayo hupikii tena.
2. Weka pambo ndani, nalo liguse chini ya sufuria. Lisipogusa alumini, kazi haitakwenda vizuri.
3. Nyunyiza vijiko vikubwa 4 vya magadi soda.
4. Mimina lita 1 ya maji yaliyochemka, polepole, kwa sababu yatatoa povu.
5. Ngoja dakika chache. Waweza kusikia harufu ya yai bovu. Usiogope. Ni salfa inayotoka. Fungua dirisha.
6. Toa pambo kwa kijiko, lisuuze, likaushe kwa kitambaa laini.

MAMA: Na mbona sufuria nayo yawa nyeusi?

MWALIMU: Umeuliza vema. Alumini huipenda salfa kuliko fedha inavyoipenda. Basi salfa huiacha fedha, na alumini hubadilika rangi. Fedha iliyokuwa katika ile ngozi nyeusi hurudi kuwa fedha. Ukisugua, waitupa ngozi pamoja na fedha iliyomo. Kwa njia hii waondoa salfa peke yake. Ndiyo maana njia hii haikwangui uzito.

Lakini si kila pambo litiwe katika maji haya. Pambo lenye lulu, marijani au kaharabu, usilitie. Lenye mawe yaliyobandikwa kwa gundi, usilitie. Lenye uwazi ndani, au lililojazwa nta au lakiri, usilitie, maana maji yataingia na kukaa humo. Na kama fundi aliacha weusi kwa makusudi ndani ya nakshi ili ionekane, usiuondoe, kwani ni sehemu ya kazi yake. Mapambo ya namna hiyo yafute kwa kitambaa laini tu.

Kuvaa na kuweka

MWALIMU: Fedha inayovaliwa mara kwa mara hukaa nyeupe kuliko iliyofungiwa sandukuni, kwa sababu hujifuta mwilini na kwenye nguo. Lakini ivue unapokata vitunguu, unapofua kwa dawa ya kuondoa madoa, na unapooga baharini. Jipake mafuta na marashi kwanza, kisha vaa fedha yako mwisho.

Ukiiweka, ifunge katika kitambaa safi cha pamba, kisha katika mfuko wa nailoni usiopitisha hewa. Kila pambo liwe peke yake, lisikwaruze jingine. Usilifunge kwa mpira wala kwa kitambaa cha sufu. Tia humo kipande cha chaki kavu, hunyonya unyevu. Mwalimu wenu darasani hatakosa kukupeni kipande kimoja.

Pambo likivunjika, usilipeleke kwa fundi wa kuziba ndoo. Lehemu yake yenye risasi ikipata moto mkali hula fedha, na sonara atapata taabu kulitengeneza baadaye. Lipeleke kwa sonara. Lipime kabla ya kumwachia, uandike uzito wake. Lipime tena siku ya kulichukua.

Tarakimu tatu ndogo

MWALIMU: Sasa twaja kwenye faida ya kusoma. Fedha tupu ni laini mno, kwa hiyo mafundi huichanganya na shaba kidogo ili iwe ngumu. Swali ni hili: fedha ngapi na shaba ngapi? Jibu huandikwa kwa muhuri mdogo ndani ya pete au bangili. Twahesabu sehemu 1000. Ukiona 925, maana yake ni kwamba katika sehemu 1000, 925 ni fedha, na 75 zilizobaki ni madini mengine, kwa kawaida shaba. Ukiona 800, fedha ni 800 na madini mengine ni 200.

Desturi ya muhuri ni ya zamani. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1300 iliamuru vyombo vya fedha vipimwe, na vilivyo sawa vipigwe alama ya kichwa cha chui. Wakati ule watu wengi hawakujua kusoma, lakini kila mtu aliweza kujua picha ya chui.

Yako pia maandishi ya kuangalia kwa hadhari. Ukiona herufi EPNS, chombo hicho si cha fedha, bali kimepakwa fedha juu tu. Ndani mna mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Mchanganyiko huo wenyewe, hata usipopakwa kitu, wafanyabiashara huuita fedha ya Kijerumani. Jina lina fedha, lakini ndani hamna fedha hata chembe.

MAMA: Mwalimu, mimi nimekitazama kikuku changu nje na ndani. Hakina tarakimu.

MWALIMU: Mapambo mengi ya zamani ya pwani hayana muhuri. Hiyo haina maana kwamba ni mabaya. Tena muhuri wenyewe waweza kughushiwa. Kwa hiyo muhuri ni shahidi mmoja tu. Shahidi wa pili ni sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Kitu kikivutwa, mna chuma au madini mengine ya namna hiyo ndani yake. Lakini hata shaba haivutwi, basi sumaku hukataa tu, haithibitishi. Shahidi wa tatu ni sonara mwenyewe. Huisugua fedha juu ya jiwe lake la kupimia, akatia tone la tindikali, akatazama rangi. Msijaribu tindikali nyumbani. Huunguza.

Mbele ya mizani

MWALIMU: Mama, mizani hii ndogo ya umeme nimeiazima kwa sonara. Weka kikuku. Soma kwa sauti.

MAMA: Nane... sufuri. Themanini. Gramu 80.

MWALIMU: Vema sana! Sasa tukumbuke neno la bibi yako. Riale moja ina uzito wa gramu 28 na kitu kidogo. Riale tatu?

MAMA: Ishirini na nane mara tatu... Gramu 84.

MWALIMU: Na mizani yasema 80. Kama riale zilikuwa tatu, gramu 4 zimekwenda. Nyingine zilibaki katika moto wa fundi na tupa yake. Nyingine zililika kwa kuvaliwa na mama watatu. Na nyingine, mama, zimekwenda na mchanga wa Ijumaa.

MAMA: Mungu wangu. Na mimi nilidhani nakitunza.

MWALIMU: Ulikitunza kwa jinsi ulivyojua. Sasa wajua zaidi. Tuendelee. Riale si fedha tupu. Katika sehemu 1000, fedha ni 833. Rupia ilikuwa na nyingi zaidi, karibu 917, na uzito wake ni gramu 11.66, yaani tola moja, kipimo ambacho bado hutajwa kwa masonara. Kikuku hiki ni cha riale, na sonara aliyetuazima mizani amekijaribu juu ya jiwe lake, akaona yaelekea kuwa hivyo. Hesabu ni hii: 80 mara 833, ugawe kwa 1000. Jawabu ni gramu 66.64 za fedha tupu.

Bei ya fedha hutangazwa duniani kwa aunsi, na aunsi ya madini haya ni gramu 31.1. Ili upate bei ya gramu moja, gawa bei ya aunsi kwa 31.1. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya leo. Kama aunsi ni shilingi 3110, gramu moja ni shilingi 100. Basi fedha iliyomo katika kikuku hiki ingekuwa ya shilingi 6664. Sonara atakupa pungufu ya hapo. Ana gharama ya kuyeyusha, naye hapana budi apate faida. Hiyo ni haki yake. Lakini ukiwa na 6664 kichwani, utajua kama unachopewa ni karibu au ni mbali sana.

Nafasi ya fedha dukani

MWALIMU: Wako watakaouliza, kwa nini pete mpya ya fedha huuzwa ghali, na kesho yake dukani hununuliwa kwa bei ndogo? Bei ya dukani ina mambo matatu: madini, kazi ya fundi, na faida ya mwenye duka. Ukirudi kuuza, kwa kawaida utalipwa madini tu. Gramu moja ya dhahabu hupita gramu moja ya fedha kwa bei mara makumi kadhaa. Kwa hiyo katika dhahabu madini ndiyo yachukuayo sehemu kubwa ya bei, na katika pete nyepesi ya fedha ni kazi ya fundi.

Chukueni mfano wa Lamu. Masonara wa huko hutengeneza pete za fedha zilizotiwa vigae vya bakuli za kale za Kichina. Anayenunua pete hiyo hanunui gramu chache za fedha. Anunua mkono wa fundi. Basi mkitaka akiba, nunueni kizito chenye kazi chache. Mkitaka pambo, nunueni kizuri, wala msitegemee kurudishiwa fedha zote.

Bei ya fedha yenyewe hupanda na kushuka. Siku hizi fedha haitakiwi na masonara tu. Viwanda huitumia katika vyombo vya umeme na katika paneli za kupokea umeme wa jua. Kwa hiyo uliza bei ya wiki ile ile unayotaka kuuza.

Na neno moja zaidi. Kazi ya mkono ya zamani yaweza kuwa na thamani kuliko madini yake, kwa sababu wako wanaoitafuta ikiwa nzima, na majumba ya makumbusho huihifadhi. Waonyeshe watu wawili au watatu kabla ya kukubali iyeyushwe. Kikuku kikiyeyushwa, hakirudi kuwa kikuku.

MAMA: Basi nitafanya hivi. Kwanza mchanga basi. Pili, nitakipeleka kwa masonara wawili, kipimwe mbele ya macho yangu, nami nisome mwenyewe. Nikiona bei haifiki, nitarudi nacho nyumbani, na paa nitaliziba kwa makuti mwaka huu.

MWALIMU: Na ukiuza?

MAMA: Nikiuza, nitataka stakabadhi. Iandikwe gramu, iandikwe shilingi. Na nitaisoma kabla ya kutoka mlangoni.

MWALIMU: Wanafunzi, hamna haja ya kunisikiliza mimi tena. Mama amelimaliza somo.

Zoezi la nyumbani

Jibuni katika daftari zenu. Majibu mtayazungumza na mwalimu wenu darasani.

1. Kwa nini fedha huwa nyeusi? Je, imeharibika?
2. Andika vitu vitatu vinavyoikwaruza fedha.
3. Bangili ina uzito wa gramu 40 na muhuri wa 925. Ina gramu ngapi za fedha tupu?
4. Herufi EPNS zina maana gani kwa mnunuzi?
5. Mwandikie sonara stakabadhi ya bangili uliyomwachia aitengeneze. Taja siku, kitu, uzito, na kazi itakayofanywa.

MTANGAZAJI: Wanafunzi, kabla ya somo lijalo, kila mwenye pete au bangili aitazame kwa ndani, aandike tarakimu atakazoziona.